Kahoot!, PhET, Minecraft au Scratch: mchezo upi uingie darasani kwako?

Kuna darasa nililofundisha ambalo lilipenda mashindano ya maswali kuliko kitu kingine chochote. Nikiingia tu mlangoni, nasikia: “Mwalimu, leo tunacheza?” Tukicheza ni makofi na vifijo, majina yanapanda na kushuka kwenye skrini. Baada ya wiki mbili nikawapa maswali yaleyale kwenye karatasi, bila muziki wala rangi. Kijana aliyekuwa kinara wetu akakosa zaidi ya nusu. Nilimwita pembeni nikamuuliza kule kwenye skrini alikuwa anapataje. Akanijibu bila kuficha: “Nilikuwa natafuta jibu refu, mwalimu. Lile refu ndilo huwa sahihi.”

Nilirudi kwenye maswali yangu nikayapitia moja baada ya jingine. Ilikuwa kweli. Majibu sahihi niliyaandika kwa uangalifu, yakawa marefu. Yasiyo sahihi niliyajaza harakaharaka, yakawa mafupi. Mtoto alikuwa amejifunza kitu, ila sicho nilichokusudia kumfundisha.

Tangu siku hiyo kila mchezo naupima kwanza kwa swali moja: ili ashinde hapa, mwanafunzi inambidi afanye nini? Kama hawezi kushinda bila kulifikiria somo lenyewe, mchezo huo una kazi darasani. Kama kuna njia ya mkato, watoto wataiona kabla yako. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Uingereza, Jacob Habgood na Shaaron Ainsworth, walichapisha utafiti unaolionyesha jambo hili vizuri. Walitumia mchezo wa kugawanya. Mchezaji anakutana na majitu ya mifupa, kila jitu lina namba kifuani, na silaha ya kuliangusha ni ile ambayo namba yake inaigawanya ile ya kifuani bila kubaki kitu. Kundi jingine lilipewa mchezo huohuo, lakini hesabu zimeondolewa kwenye mapigano na kuwekwa kama maswali kati ya hatua moja na nyingine. Waliogawanya huku wakipigana walijifunza zaidi. Na watoto walipoachwa wachague toleo la kucheza, walitumia muda zaidi ya mara saba kwenye lile ambalo hesabu ndiyo silaha.

Njia nne ninazolinganisha hapa ndizo ambazo mwalimu hukutana nazo kwanza anapoanza kuulizia: mashindano ya maswali, majaribio ya sayansi ya kwenye skrini, ulimwengu wa kujenga, na wanafunzi kutengeneza mchezo wenyewe.

Vigezo nilivyotumia

Cha kwanza nimeshakitaja: kitendo cha mchezaji na kitendo cha somo ni kitu kimoja, au vimeshikizwa tu pamoja?

Cha pili ni vifaa. Hesabu vilivyopo mkononi, siyo vilivyoahidiwa. Intaneti nayo ipime siku ya kawaida ya masomo, madarasa mengine yakiwa yanaitumia, maana ile kasi unayoiona jioni shule ikiwa tupu haitakuwepo asubuhi.

Cha tatu ni muda, na hapa ndipo wengi tunapojidanganya. Kipindi cha dakika 40 hakina dakika 40 za kucheza. Ukitumia 8 kugawa vifaa, kuandika manenosiri na kumsaidia ambaye chaji imemwishia, kisha 5 za kuzima na kukusanya, umebaki na 27. Toa 10 za mjadala, ambazo mimi sizigusi kwa sababu yoyote ile, na mchezo umebaki na dakika 17. Mchezo usioweza kufika popote kwa dakika 17 unahitaji vipindi viwili mfululizo, na ni bora ulijue hilo unapoandika andalio la somo kuliko kuligundua kengele ikilia.

Cha nne ni nani anabaki nyuma. Kila mchezo unampendelea mtu: mwepesi wa kusoma, mwenye kompyuta nyumbani, au mwenye sauti kubwa kwenye kikundi.

Cha tano ni ushahidi. Mchezo ukiisha, utajuaje nani ameelewa na nani alikuwa anafurahi tu?

Gharama na taarifa za watoto nitazitaja panapohusika. Kwa ufupi, huduma inayotaka jina kamili la mtoto, tarehe yake ya kuzaliwa na picha ili ajibu maswali kumi, iache utafute nyingine.

Mashindano ya maswali: Kahoot! na Plickers

Kahoot! ilianzia Norway, ikitokana na utafiti wa chuo kikuu cha NTNU kilichoko Trondheim. Kampuni iliundwa mwaka 2012. Swali linakaa kwenye skrini kubwa mbele, na mwanafunzi anabonyeza rangi na umbo kwenye kifaa chake: pembetatu nyekundu, almasi ya buluu, duara la njano au mraba wa kijani. Hayo maumbo ni jambo jema sana kwa mtoto asiyetofautisha nyekundu na kijani, kwa hiyo unapoelekeza sema “pembetatu”, usiseme “nyekundu” peke yake.

*Mwanafunzi anafanya nini.* Anakumbuka na kuchagua. Kukumbuka si jambo dogo. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walionyesha kwamba waliosoma kifungu kisha wakajipima walikikumbuka zaidi baada ya wiki kuliko waliokirudia kukisoma. Lakini wanafunzi wao waliandika walichokumbuka kutoka kichwani. Hawakuchagua kati ya majibu manne yaliyokwisha kuandikwa. Ndiyo maana siku hizi nasoma swali kwa sauti, nawapa sekunde 15 waandike jibu kwenye daftari, na hapo ndipo nafungua machaguo. Kasi inapungua kidogo, lakini yule wa kutafuta jibu refu hana tena pa kujificha.

Halafu kuna suala la pointi. Kwa mpangilio wa kawaida, jibu sahihi lina hadi pointi 1,000, na zinapungua kadiri sekunde zinavyokwenda mpaka kukaribia 500 mwishoni. Kwenye swali la sekunde 20, aliyejibu sahihi kwa sekunde 2 anapata kama 950, na aliyetafakari kwa sekunde 18 akapata kama 550. Wote wawili wanajua. Pointi 400 za tofauti zimelipa wepesi wa kidole. Kwa jedwali la kuzidisha au msamiati wa lugha ngeni sioni tatizo, kwa sababu huko wepesi ni sehemu ya ujuzi wenyewe. Kwa hesabu za mafumbo au swali la “kwa nini”, unawazoesha watoto kukimbilia jibu kabla ya kufikiri. Dawa ipo ndani ya mipangilio: ongeza muda, unaweza kufika hadi dakika 4 kwa swali, au ondoa pointi kabisa.

*Vifaa na muda.* Kahoot! inadai intaneti na angalau kifaa kimoja kwa kila kikundi. Plickers inafaa pale ambapo vifaa hakuna. Unachapa kadi za karatasi zenye alama nyeusi kama za QR, kila mwanafunzi ana yake, na anaigeuza ili upande wa A, B, C au D ukae juu. Mwalimu anapitisha kamera ya simu yake mbele ya darasa na majibu yanasomeka yote. Simu moja inatosha darasa zima. Kwa kuwa kila kadi ina mchoro wake, mtoto hawezi kunakili kwa kuchungulia ya jirani. Hakuna kasi wala muziki, na nimeona watoto wapole wakishiriki kwa kadi hizi kuliko kwa njia nyingine yoyote. Maandalizi ya zote mbili ni mafupi, ingawa maswali mazuri yenye majibu potofu yanayoshawishi huchukua muda kutungwa. Usipime kazi hiyo kwa dakika ulizotumia kuyaandika kwenye programu.

*Nani anabaki nyuma.* Asiyesoma upesi. Na aliyekosa maswali matatu ya mwanzo: anajua hawezi tena kufikia watano wa juu wanaoonyeshwa, basi anaanza kubonyeza chochote. Kuwaweka kwa timu kunasaidia, mradi kifaa kizunguke.

*Unajuaje wameelewa.* Hapa njia hii inazishinda zote kwa wepesi, kwani ripoti ya kila swali inatoka papo hapo. Usiangalie nani kashinda. Angalia jibu gani potofu limewavuta wengi. Ukikuta wanafunzi 19 kati ya 40 wamesema 1/2 ukijumlisha na 1/3 unapata 2/5, somo la kesho umeshalipata.

*Inamfaa nani.* Mwalimu anayefungua au kufunga mada, anayerudia masomo kabla ya mtihani, au anayeanza kutumia michezo na anataka kitu cha dakika 10. Haimfai anayetaka kufundisha dhana mpya. Kwa kuuliza maswali tu hutamfundisha mtoto asichowahi kukisikia.

Majaribio ya kwenye skrini: PhET

Mradi wa PhET ulianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, mwaka mmoja baada ya yeye kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Ni mkusanyiko wa majaribio ya fizikia, kemia, biolojia, hisabati na sayansi ya dunia, yote bure, na mengi yanafunguka kwenye kivinjari cha kawaida. Tafsiri za Kiswahili zipo kwa baadhi yake.

Mtu anaweza kusema haya si michezo, kwa kuwa hakuna kushinda. Nayaweka hapa kwa sababu mtoto anayachezea kwa namna ileile: anavuta, anaona kinachotokea, anajaribu tena.

*Mwanafunzi anafanya nini.* Anabadilisha kitu kimoja na kutazama kingine kinavyoitikia, na huko ndiko kufanya sayansi kwenyewe. Chukua jaribio la saketi za umeme. Wanafunzi wengi huamini kwamba balbu “inakula” mkondo: umeme unaingia mwingi, unatoka kidogo. Kwenye ubao nimelieleza hilo mara nyingi na wengi wakaitikia kwa kichwa tu. Kwenye skrini wanaunganisha betri, nyaya na balbu, na vidoti vya buluu vinavyowakilisha elektroni vinaanza kutembea. Nakumbuka wasichana wawili walioshirikiana kompyuta moja. Mmoja ameweka kidole kwenye waya kabla ya balbu, mwenzake kwenye waya baada ya balbu, na wote wanahesabu kwa sauti kila kidoti kinapopita. Wakafika thelathini pamoja. Yule wa kwanza akasema, taratibu kabisa, “Mbona vinalingana?” Sikuwa nimefundisha kitu chochote dakika hiyo, na sikuhitaji. Dakika chache baadaye waliunganisha betri kwa waya mtupu bila balbu, betri ikawaka moto kwenye skrini, wakaruka. Kosa hilo hakuna mwalimu angependa walifanye kwa betri halisi.

*Vifaa na muda.* Kompyuta moja kwa watoto wawili ndiyo kipimo kizuri. Watatu, mmoja anaanza kuangalia dirishani. Kama una projekta na kompyuta moja tu bado unaweza: darasa linatabiri kwa kunyoosha mikono, kisha mmoja anaenda mbele kujaribu. Majaribio yanaweza kupakuliwa na kutumika bila intaneti, jambo ambalo kwa shule nyingi linamaliza nusu ya matatizo. Waandaaji wa PhET wenyewe wanashauri wanafunzi wapewe dakika 5 hadi 10 za kuchezea kwa uhuru kabla ya maelekezo. Nakubaliana nao kabisa. Ukiwanyima dakika hizo watazichukua kwa siri wakati unaeleza.

*Nani anabaki nyuma.* Asiyejua cha kutafuta. Bila swali la kuongoza, baadhi watatumia kipindi kizima kuichoma moto betri. Karatasi ya maswali matatu inatosha, lakini isiwe mlolongo wa “bonyeza hapa, kisha bonyeza pale”, kwa sababu hapo umewaondolea kazi ya kufikiri.

*Unajuaje wameelewa.* Programu haikupi ripoti. Inakubidi uombe utabiri ulioandikwa kabla ya jaribio na maelezo baada yake. Ni kazi zaidi kusahihisha, lakini maelezo ya mtoto kwa maneno yake mwenyewe yanakuonyesha mengi kuliko asilimia ya majibu.

*Inamfaa nani.* Mwalimu wa sayansi na hisabati mwenye dhana moja ngumu isiyoonekana kwa macho: elektroni, molekuli, uwanja wa sumaku. Pale vifaa halisi vipo, vitangulizwe. Waya unaolegea na balbu iliyoungua vina mafunzo yake ambayo skrini haina.

Ulimwengu wa kujenga: Minecraft Education

Minecraft yenyewe ilitoka rasmi mwaka 2011. Microsoft iliinunua kampuni ya Mojang ya Sweden mwaka 2014, na toleo la shule likatolewa mwaka 2016. Ulimwengu wake wote umejengwa kwa vipande vya mchemraba, kila kimoja kikihesabiwa kuwa mita moja kila upande. Vipimo hivyo ndivyo vinavyoufanya ufae hisabati.

*Mwanafunzi anafanya nini.* Inategemea kabisa kazi uliyompa. Ukiwaambia “jengeni kijiji cha zamani”, wataweka vipande mamia, watafurahi, na historia itabaki pale ilipokuwa. Kazi ikiwa na kizuizi kinachotokana na somo, mambo yanabadilika. Wape vipande 24 na waambie kila kikundi kitengeneze boksi lililojaa, kisha wahesabu sura zote za vipande zilizo upande wa nje. Wa 2 × 3 × 4 watapata 52. Wa 2 × 2 × 6 watapata 56. Wa 1 × 4 × 6 watapata 68. Na kikundi kilichopanga mnara wa 1 × 1 × 24 kitapata 98. Ujazo uleule, eneo tofauti karibu mara mbili. Watoto wanaanza kubishana nani kahesabu vibaya, wanakwenda kwenye majengo ya wenzao kuhakiki kwa kuyazunguka, na hapo ndipo unapouliza: “Boksi lipi lingehitaji rangi kidogo kuliko yote kupakwa, na kwa nini?” Ukweli ni kwamba zoezi hilohilo linawezekana kwa vipande vya mbao mezani. Nalisema wazi kwa sababu leseni inalipiwa na mbao hazilipiwi. Ulimwengu wa kwenye skrini unaanza kustahili gharama yake unapohitaji ukubwa: kujenga jengo zima kwa skeli, kufuata mto kutoka mlimani, au kuunda milango ya mantiki (saketi za “ndiyo” na “hapana”) kwa vumbi jekundu linalopitisha nishati kama nyaya.

*Vifaa na muda.* Huu ndio mzito kuliko yote. Leseni hulipiwa kwa kila mtumiaji kwa mwaka, kila mmoja anaingia kwa akaunti ya shule, na kompyuta ya zamani itakwama. Mtandao lazima uwe imara ili darasa liingie ulimwengu mmoja. Usianze bila vipindi viwili mfululizo, na cha kwanza kabisa kihesabu kuwa cha kujifunza kutembea na kuweka vipande.

*Nani anabaki nyuma.* Asiyewahi kuucheza. Wazoefu watakuwa wamemaliza ukuta wakati yeye bado anatazama mawingu kwa kuwa hajui kushusha macho. Kwenye kikundi, mzoefu hapewi kipanya dakika 15 za kwanza. Anaelekeza kwa mdomo tu. Kanuni hii imenisaidia kuliko mpangilio wowote wa ndani ya mchezo. Na kuna wa kuvunja majengo ya wenzao, kwa hiyo mkubaliane mapema: kikivunjwa kitu, kazi inasimama kwa wote mpaka kirudishwe.

*Unajuaje wameelewa.* Jengo peke yake halitoshi. Toleo la shule lina kamera na kitabu cha kuandikia ndani ya mchezo. Mtoto apige picha ya alichojenga na aandike kwa nini amekijenga hivyo. Usome maandishi kabla ya kusifia jengo.

*Inamfaa nani.* Shule yenye maabara nzuri ya kompyuta na mtu wa kuihudumia, na mwalimu mwenye mradi wa wiki kadhaa. Anayetaka kitu cha kipindi kimoja atachoka bure.

Kutengeneza mchezo wenyewe: Scratch

Scratch ilitolewa na MIT Media Lab mwaka 2007, kwenye kundi linaloongozwa na Mitchel Resnick. Wazo lake ni la zamani zaidi: mwaka 1967 Seymour Papert, Cynthia Solomon na Wally Feurzeig walianza Logo, lugha ya kompyuta iliyokusudiwa watoto. Kwenye Scratch mtoto hachapi amri. Anapachika vipande vya rangi kimoja chini ya kingine. Ni bure, inapatikana kwa Kiswahili, na inaweza kusakinishwa ikafanya kazi bila intaneti. Kwa wa miaka 5 hadi 7 kuna ScratchJr, ambayo haidai kujua kusoma.

*Mwanafunzi anafanya nini.* Anapanga hatua, anakosea, anatafuta kosa, anarekebisha. Hakuna njia ya mkato hapa, maana mchezo hautaenda mpaka mantiki ikae sawa. Na hisabati inaingia bila kubisha hodi. Jukwaa, yaani eneo ambalo mchezo unaonekana, lina upana wa 480 na urefu wa 360, sifuri iko katikati, hivyo x inaanzia -240 hadi 240. Mtoto anayetaka paka wake, mhusika anayekuja na Scratch, aende kushoto atakutana na namba hasi siku hiyohiyo, na atakuwa na sababu ya kuitaka.

Kosa ninalolipenda ni la alama. Karibu kila mwanafunzi anayetengeneza mchezo wa kudaka vitu hufika mahali anaita: “Mwalimu, imeharibika. Naanza upya lakini alama zinaanzia 14.” Haijaharibika. Alama ni namba iliyohifadhiwa, na hakuna aliyeiambia irudi kwenye 0 bendera ya kijani ya kuanzisha mchezo inapobonyezwa. Simwambii. Namuuliza: “Nani alipaswa kuifuta?” Anakaa kimya, anatazama vipande vyake kutoka juu hadi chini, na mara nyingi anainuka kitini kabla hajasema neno.

*Vifaa na muda.* Kompyuta za kawaida zinatosha, moja kwa wawili ni sawa kabisa: mmoja anashika kipanya, mwingine anasoma hatua, wanabadilishana kila dakika 7. Lakini mradi wa maana hautaisha kwa kipindi kimoja. Tenga vinne hadi sita. Na mwalimu awe ameutengeneza mchezo huohuo mwenyewe kabla, hata kama ni usiku wa jana yake.

*Nani anabaki nyuma.* Anayeogopa kukosea. Wanaopenda mapambo nao hupotea, wakitumia vipindi viwili kuchagua rangi ya paka. Toa mchezo ulioandikwa nusu ili wote waanzie palipo na kazi.

*Unajuaje wameelewa.* Unaona programu yenyewe, na unaweza kumwambia mtoto abadilishe kitu kimoja mbele yako: “Fanya mpira uende mara mbili ya kasi hii.” Aliyenakili kwa jirani ataganda.

*Inamfaa nani.* Mwalimu mwenye muda, kilabu cha baada ya masomo, somo la kompyuta, na pia mwalimu wa somo lolote anayetaka wanafunzi watengeneze mchezo wa kufundisha mada kwa darasa la chini. Mtoto hawezi kutunga mchezo kuhusu mzunguko wa maji bila kuujua mzunguko wa maji.

Kuhusu pointi na beji juu ya kila kitu

Zipo pia programu zinazogeuza darasa zima kuwa mchezo: pointi kwa kuwahi, beji kwa kazi ya nyumbani. Sizichanganyi na hizi nne, kwa kuwa hazigusi somo. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett waliwaahidi watoto wadogo waliopenda kuchora cheti chenye utepe wakichora. Baadaye, vyeti vikiwa havipo tena, watoto hao walichora muda mfupi kuliko ambao hawakuahidiwa kitu. Kwa kazi ambayo mtoto ameshaipenda, usiweke malipo.

Kwa hali yako

Ukiwa na simu moja na darasa la watu wengi, chapa kadi za Plickers. Ukiwa na kompyuta moja na projekta, tumia PhET kwa mtindo wa kutabiri kwanza. Usione aibu kwa uchache wa vifaa. Mchezo wa The Oregon Trail ulipoingia darasa la historia huko Minnesota mwaka 1971, wanafunzi waliuchezea kwenye mashine ya teletype isiyo na skrini, wakijikusanya kuizunguka.

Una tableti 10 kwa wanafunzi 40 na kipindi kimoja kwa wiki? Kahoot! kwa timu za wanne, muda ukiongezwa, tableti ikihamia mkono mwingine kila swali. Muhula unaofuata, Scratch kwa nusu ya darasa huku nusu nyingine ikifanya kazi ya daftari, kisha mnabadilishana.

Kama dhana ya sayansi imekataa kueleweka baada ya kuieleza mara mbili, usiieleze mara ya tatu. Fungua jaribio.

Mtihani ukiwa wiki tatu mbele, mashindano ya maswali mafupi mara mbili kwa wiki, ukichanganya mada za zamani na mpya. Si wakati wa kuanza Minecraft.

Kama shule imekwisha kulipia leseni za Minecraft na unaulizwa mbona huzitumii, chagua mada moja tu ya vipimo au skeli, fanya mradi wa wiki tatu, na uombe mwalimu mwenzako awepo kipindi cha kwanza. Kama leseni hazijalipiwa, tengeneza kwanza zoezi la boksi kwa vipande vya mbao, uone kama wanafunzi wanataka zaidi.

Kwa darasa lenye watoto wenye uoni hafifu, ugumu wa kusoma au mikono isiyotulia, ondoa kipima muda kabla ya kubadilisha kitu kingine chochote, soma maswali kwa sauti, na ukae karibu na mtoto mwenyewe akijaribu siku moja kabla. Atakuonyesha panapomkwamisha.

Na kama huna uhakika wa chochote kati ya hivi, chukua mchezo unaoufikiria, mpe mwanafunzi mmoja mtundu dakika 10, na umwambie ajitahidi kushinda bila kujifunza. Akiweza, umejua pa kurekebisha kabla hujawapa wengine 39.